Kuteremka Hijazi kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kupanga safari ndefu Saudi Arabia

Mpaka katikati ya 2019, mgeni aliyetaka kuingia Saudi Arabia alihitaji sababu inayoeleweka na serikali: Hija, Umra, kazi, biashara, au jamaa wa kumtembelea. Tarehe 27 Septemba mwaka huo viza ya utalii ikaanza kutolewa kwa njia ya intaneti, na mtu akaweza kujibu "nakuja kutembea tu" bila kuonekana wa ajabu. Februari 2020 yakafanyika mashindano ya kwanza ya baiskeli ya Saudi Tour. Tangu hapo waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaoshuka kutoka Jordan wameanza kuwa kitu cha kawaida kwenye barabara za kaskazini-magharibi.

Lakini nchi inayofunguka haifunguki yote kwa siku moja. Viza hutangulia. Askari wa kizuizi cha barabarani, karani wa hoteli ya mji mdogo na ramani ya kwenye simu yako hufuata baadaye, kila mmoja kwa mwendo wake. Sehemu kubwa ya kupanga safari hii ni kujiandaa kwa pengo hilo, kwa sababu barabara zenyewe ni nzuri kupita nyingi za kwetu.

Njia ninayoipendekeza ni ya Hijazi, ukanda wa magharibi wa nchi: uingie kutoka Aqaba ya Jordan, ufuate pwani ya Bahari ya Shamu, upande bara hadi AlUla penye magofu ya kale, kisha ushuke Madina na umalizie Jeddah. Ni kama kilomita 1,400 hadi 1,500, kutegemea mchepuko utakaouchagua. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 70 hadi 80 kwa siku, pamoja na siku za kupumzika, tenga wiki nne. Unaweza kuifanya kwa wiki tatu, ila utaipita AlUla kama mtu aliyechelewa basi.

Hatua ya kwanza: karatasi, na hasa kama pasipoti yako ni ya kwetu

Viza ya utalii ya mtandaoni hutolewa kwa orodha ya nchi maalumu, na pasipoti za Afrika Mashariki kwa kawaida hazimo. Usikate tamaa hapo, kwa maana kuna milango mitatu ya pembeni.

Wa kwanza ni kwa wakazi wa nchi za Ghuba. Ukiwa na ukaazi halali wa Oman, Imarati, Qatar, Kuwait au Bahrain, unaruhusiwa kuomba viza hiyo mtandaoni, na tangu 2023 hawaangalii tena unafanya kazi gani. Wa pili ni kwa mwenye viza ya Marekani, Uingereza au Schengen ambayo bado haijaisha na ambayo imekwisha kutumika angalau mara moja, na vilevile wenye ukaazi wa kudumu wa nchi hizo. Wa tatu ni kuomba kupitia ubalozi, ambako utaombwa karatasi zaidi na utahitaji subira zaidi. Masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma tovuti rasmi ya viza ya Saudia wiki ile ile unayoomba, si mwezi uliopita.

Viza ya kuingia zaidi ya mara moja hudumu mwaka mmoja na hukupa jumla ya siku 90 za kukaa. Bima ya afya huja pamoja nayo, lakini isome: bima ya matibabu haimaanishi bima ya baiskeli iliyogongwa na lori.

Chapisha viza kwenye karatasi, nakala tatu au nne. Simu inatosha uwanja wa ndege, ila kwenye kizuizi cha jangwani askari anataka kitu cha kushika na kumpigia picha mkubwa wake. Ukitoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, beba na cheti cha chanjo.

Tukiwa hapo hapo kwenye forodha: miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria ya Saudia, na pombe hairuhusiwi kuingizwa. Dawa kali za maumivu kama tramadol na zenye kodeini zisiwepo kwenye begi lako bila cheti cha daktari. Droni iache nyumbani.

Hatua ya pili: chagua mwezi, kisha uusikilize upepo

Msimu ni Novemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kiangazi joto la bara hupita nyuzi 45, na pwani ya Jeddah huongeza unyevu unaomchosha hata aliyezaliwa Mombasa. Kwa upande mwingine, usidhani baridi ya huko ni hadithi. AlUla iko kama mita 700 juu ya bahari, na usiku wa Januari hema lako litataka begi la kulalia la kweli. Juu zaidi, milima ya Tabuk hupata theluji miaka mingine.

Angalia kalenda ya Kiislamu kabla ya kukata tiketi. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu wa baridi, na inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kula na kunywa hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa kisheria, hata kwa asiye Mwislamu. Migahawa ya barabarani hufungwa hadi magharibi. Kupiga pedali kilomita 80 huku ukijificha nyuma ya jiwe ili unywe maji si safari ya kumshauri mtu.

Sasa upepo. Nusu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu huvumiwa na upepo wa kaskazini-magharibi karibu mwaka mzima, na mchana huzidi nguvu. Mtu anayetoka Jeddah kupanda Aqaba anakwenda mbisho siku zote. Anayeshuka kutoka Aqaba anasukumwa mgongoni. Baiskeli yenye mizigo hukamata upepo kama tanga, na tofauti ya pande hizi mbili inaweza kuwa nusu ya kilomita zako za siku. Ndiyo maana nasema "kuteremka" Hijazi. Ukilazimika kwenda kinyume, anza kabla ya jua kuchomoza na uwe umemaliza kazi saa sita mchana.

Hatua ya tatu: chora njia kwa vipande

Kutoka Aqaba, mpaka wa Durra uko kusini mwa mji, na mji wa kwanza upande wa pili ni Haql. Hapo nunua laini ya simu, chakula cha siku mbili na ujaze kila chupa. Barabara inaingia milimani kuelekea Al-Bad', penye makaburi ya Wanabati, watu wa kale wa eneo hili, yaliyochongwa kwenye miamba. Wenyeji wanapaita Maghair Shuaib, mapango ya Nabii Shuaibu.

Kuanzia hapo hadi karibu na Sharma ndiyo sehemu yenye mabadiliko mengi kuliko zote. Mradi wa NEOM wa kujenga miji mipya, uliotangazwa 2017, umechukua eneo kubwa la kona hii. Barabara ndogo za pwani zinazoonekana kwenye ramani zinaweza kuwa na geti na mlinzi, na malori ya ujenzi ni mengi. Ushauri wangu: usipoteze siku kubishana na mageti. Shika barabara kuu, fika Duba, na huko ndiko upumzike. Duba pia ni bandari ya feri kutoka Misri, kwa hiyo anayetokea Safaga anaweza kuianzia safari hapo na asikose mengi.

Duba hadi Al-Wajh ni kama kilomita 150 za pwani tupu, bahari kulia na milima kushoto. Siku mbili, na upepo mgongoni. Al-Wajh una mji mkongwe wa bandari uliokuwa kituo cha mahujaji wa Misri. Pumzika siku nzima, kwa sababu kinachofuata ndicho kipande kigumu: zaidi ya kilomita 200 kutoka usawa wa bahari kupanda hadi AlUla, huduma chache, kivuli kidogo. Kipange kwa siku tatu, na ubebe chakula cha siku nne.

AlUla pasipewe chini ya siku mbili kamili. Hegra, au Mada'in Salih, iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008, ya kwanza kwa Saudi Arabia. Ina makaburi zaidi ya 100 yaliyochongwa na Wanabati, wale wale wa Petra. Tiketi hununuliwa mtandaoni mapema, na ndani unazungushwa na gari lao, baiskeli inabaki nje. Katika eneo hilo hilo kuna kituo cha reli ya Hijazi, iliyojengwa na Waothmani kati ya 1900 na 1908 kutoka Damascus hadi Madina. Tuta la reli hiyo utaliona tena mara kwa mara, na kwenye ramani ya setilaiti linakuvutia ulifuate. Limejaa kokoto na mchanga laini. Lifuate kwa macho.

Kutoka AlUla hadi Madina unaweza kupitia Khaybar, penye mashamba ya mitende na uwanda mweusi wa mawe ya volkano. Madina hadi Jeddah kuna barabara ya kasi ya Hijra, na kuna ya zamani inayopita Badr kisha kushuka pwani karibu na Rabigh. Chukua ya Badr. Ni ndefu kidogo, lakini mabasi ya mahujaji yaendayo kasi yako kwenye ile nyingine.

Neno kwa ndugu zetu wa Oman: barabara ya moja kwa moja kati ya Oman na Saudia kupitia jangwa la Rub' al-Khali, ile ya kutokea Ibri, ilifunguliwa Desemba 2021, na wengi hutamani kuianzia hapo. Ni mamia ya kilomita za mchanga bila mji. Weka baiskeli kwenye gari uvuke, uanze kupiga pedali upande wa magharibi.

Pakua ramani za kutumia bila mtandao, zile zinazotokana na OpenStreetMap, kisha kila kipande kilinganishe na picha ya setilaiti. Ramani ya kawaida ya simu huweza kukuonyesha mstari mweupe safi mahali ambapo kuna nyayo za Land Cruiser kwenye mchanga.

Hatua ya nne: maji kwanza, chakula kitajileta

Panga kila siku kwa kuuliza swali moja: maji yanayofuata yako kilomita ngapi? Vituo vya mafuta ndivyo visima vya zama hizi. Kila kimoja huwa na duka, msikiti, choo na mara nyingi mgahawa. Kwenye barabara kuu vinaweza kupishana kwa kilomita 50, na pengine 100. Vingine vilivyo kwenye ramani vimekufa zamani, vimebaki paa na vumbi. Kwa hiyo usiweke mpango unaotegemea kituo kimoja tu.

Uwe na vyombo vya lita 10, hata kama siku nyingi utabeba nne. Msimu wa baridi mwendeshaji hutumia lita tano au sita kwa siku, ukiongeza za kupikia na kunawa. Al-Wajh hadi AlUla jaza zote kumi. Misikiti na mitaa mingi ina majokofu ya maji ya sabili, ya bure kwa yeyote. Na madereva husimama. Chupa za maji, tende, machungwa, wakati mwingine mfuko mzima wa mikate, vyote hutolewa dirishani. Kataa mara moja kwa adabu kama huna nafasi, ila usimkatalie mtu mara tatu.

Kula kwa bei nafuu ni rahisi: asubuhi fuli ya maharagwe na tamisi, ule mkate mpana wa Waafghani unaotoka moto kwenye tanuri, mchana wali wa bukhari au mandi kwa kuku kwenye migahawa ya Wayemeni na Waasia. Sahani moja humshibisha hata mwenye njaa ya baiskeli. Jiko la kupikia liwe la petroli. Mitungi midogo ya gesi hupatikana maduka ya michezo ya miji mikubwa, huku njiani hamna.

Hatua ya tano: baiskeli

Huhitaji baiskeli ya ghali. Unahitaji ya chuma au aloi imara, kareya nzuri mbele na nyuma, giya nyepesi za kupandia na tairi pana za milimita 40 hadi 50. Pancha za huko zina vyanzo viwili. Ukiwa nje ya lami ni miiba ya mgunga. Ukiwa kwenye lami ni nyaya nyembamba za chuma zinazotawanywa na tairi za malori zilizopasuka. Waya huo ni mdogo kama unywele, hukaa ndani ya tairi na kutoboa kila tyubu mpya unayoweka. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi nzima kabla ya kurudisha tyubu, na uwe na koleo ndogo ya kuung'oa.

Tumia tyubu zenye valvu nene kama ya gari au pikipiki, ili mashine ya upepo ya kila kituo cha mafuta ikufae. Fundi wa tairi anaitwa banshar, yuko kila mji. Anaweza kukusaidia kwa pancha, kulehemu kareya, hata kunyoosha chuma. Vipuri vya baiskeli ya giya hana. Kati ya Aqaba na Madina jihesabu uko peke yako: beba spoku za ziada za urefu sahihi, kipande cha cheni, viungo vyake, nyaya za breki na giya, pedi za breki na tairi moja ya kukunjwa.

Taa ya nyuma iwake hata mchana, na koti la kuakisi mwanga si la hiari. Bega la barabara ni pana, lakini magari madogo hulitumia kupita, na madereva wenye simu mkononi ni wengi. Usiku usiendeshe kabisa. Ngamia hawana taa.

Polisi: litakalokusumbua zaidi, na si ubaya

Kwenye mikoa ya kaskazini utasimamishwa. Mara nyingi ni udadisi na ukarimu: wapi, kutoka wapi, una maji? Kisha huja lile linalowakera wengi, gari la doria linakufuata nyuma kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, saa nzima au siku nzima, linapokezana na jingine kwenye mpaka wa wilaya. Mwishoni mwa siku huweza kukutaka ulale hotelini, au kupakia baiskeli kwenye pikapu ukafike mji unaofuata.

Askari yule hafuati sheria inayokukataza. Anahofia lawama: mgeni akigongwa kwenye eneo lake, ataulizwa yeye. Kwa hiyo mpe anachohitaji. Kuwa na karatasi moja kwa Kiarabu yenye jina lako, nchi, namba ya viza, njia yako mji kwa mji na mahali utakapolala leo. Salimia kwanza, salamu kamili bila haraka. Ukiambiwa upande gari, uliza kwa upole mara moja kama unaweza kuendelea. Akirudia, panda. Andika kwenye ratiba yako tangu nyumbani kwamba baadhi ya kilomita hutaziendesha, na uweke siku mbili tatu za ziada. Mwenye kutaka kudai kuwa alipiga kila mita kwa miguu yake achague nchi nyingine.

Usipige picha za kizuizi, kambi, kasri au askari. Wanawake usiwapige picha bila idhini.

Kulala

Wasaudi wenyewe hupenda kupiga kambi jangwani msimu wa baridi, kwa hiyo hema halimshtui mtu. Toka barabarani kabla ya jua kuzama, nenda mahali usipoonekana na taa za magari, epuka ua wa shamba la mtu. Na usilale kwenye korongo la wadi, hata kama mchanga wake ni laini na mbingu haina wingu. Mvua ikinyesha milimani, mafuriko hukufikia usingizini. Jeddah penyewe mafuriko ya Novemba 2009 yaliua watu zaidi ya 100.

Miji midogo ina nyumba za kupanga kwa siku, kwa takriban riali 100 hadi 200 kwa chumba. Riali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo hesabu yake haikusumbui. Karani analazimika kukuandikisha kwenye mfumo wa polisi, na asiyewahi kuona viza ya utalii hukwama na kusema "hakuna nafasi". Mwonyeshe ilipo namba ya viza kwenye karatasi yako. Akishindwa, jaribu ya jirani. Kadi ya benki hupokelewa karibu kila mahali, ila uwe na noti ndogo kwa ajili ya tamisi na chai.

Kwa wanawake

Tangu viza ya utalii ianze, mwanamke anaingia bila mahramu, yaani jamaa wa kiume wa kumsindikiza, na abaya si lazima kwa mgeni. Sharti ni mavazi ya stara. Kivitendo: suruali pana, shati refu la mikono mirefu, na mtandio shingoni wa kujitandia ukifika kwenye msikiti au mji mdogo. Suti ya kubana ya mbio usiitumie, na hili ni kwa wanaume pia. Migahawa ya njiani bado mingine ina upande wa familia, nao ni mzuri kuliko mwingine: una pazia, zulia na utulivu. Chukua huo bila kuona haya. Kupiga kambi peke yako karibu na barabara sikushauri. Omba kituo cha mafuta chenye familia, au lala hotelini.

Ukitaka kufanya Umra

Mwenye viza ya utalii anaruhusiwa kufanya Umra nje ya msimu wa Hija, kwa kupata kibali kwenye programu ya Nusuk, ambayo pia hutoa nafasi za kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume Madina. Shida ya mwendesha baiskeli ni miqati, mahali pa kuingilia ihramu. Ukitoka Madina, ihramu huvaliwa Dhul Hulayfa, na Makka iko zaidi ya kilomita 400 mbele yako. Ukishuka kwa njia ya pwani, miqati ni Juhfa karibu na Rabigh, kama kilomita 180. Hizo ni siku mbili tatu juu ya tandiko kwa shuka mbili zisizoshonwa, na mwanamume mwenye ihramu hafuniki kichwa, hivyo kofia ya kinga inaingia kwenye mjadala wa fidia ambao ni wa kumuuliza mwanachuoni wako.

Njia iliyo nyepesi: acha baiskeli na mizigo hotelini Madina au Rabigh, hirimia kwenye miqati inayokuhusu, nenda Makka kwa basi au treni ya Haramain, kisha urudi uendelee na safari.

Asiye Mwislamu haingii Makka, na Madina haingii ndani ya mpaka wa Haram. Mabango yanaonyesha wazi pa kugeuzia. Fuata barabara ya pembezoni, usijaribu bahati.

Kabla hujaondoka, na ukifika Jeddah

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Mtandao ni mzuri mijini na barabara kuu, ila Al-Wajh hadi AlUla kuna mabonde yasiyoshika, kwa hiyo kubaliana na mtu wa nyumbani saa ya kuwasiliana na muda wa kusubiri kabla hajaanza kuhangaika. Weka kwenye simu namba 997 ya gari la wagonjwa, na 911 kwa mikoa mikubwa kama Makka na Riyadh.

Jeddah kwa baiskeli ni foleni na mizunguko, ingia Ijumaa asubuhi wakati mji bado umelala. Lala karibu na Al-Balad, mji mkongwe wenye nyumba za matumbawe na madirisha ya mbao, ulioingia UNESCO mwaka 2014. Siku mbili kabla ya ndege zunguka maduka ya baiskeli kuomba boksi tupu, na uliza shirika la ndege kwa maandishi kuhusu uzito na ukubwa. Toa upepo kwenye tairi, geuza usukani, fungua pedali (ya kushoto hulegezwa kwa kuzungusha kinyume), na zana za chuma ziweke ndani ya boksi, si kwenye begi la mkononi.